Vitunguu vya Kwenye Kenchi

Baba yangu alikuwa bingwa wa kulalamikia chakula. Pale nyumbani Vwawa hakuna mboga iliyopita mbele yake bila kesi: nyanya hazijaiva, maharage yana mawe, ugali umekuwa uji. Tulikereka, tukamsengenya jikoni. Kisha akapata mafua mabaya yaliyomwondolea uwezo wa kunusa na kuonja. Kifua kilipona, ulimi haukupona. Akaacha kulalamika. Ukimuuliza chakula vipi, anajibu, "Sawa tu," anasukuma sahani. Alikonda mpaka mkanda ukatobolewa tundu jipya, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikatoka Tunduma nilikoolewa, nikaja kumrudishia hamu. Kwa akili zangu, kitu kizuri ni kibichi. Kila siku nilikwenda sokoni kuchagua vitunguu vipya, vinang'aa, bado vina majani, nikamkatia kachumbari ya kula na dagaa. Alitafuna kama anatafuna karatasi.

"Sawa tu, mama," akaniambia.

Mama yangu ni mzaliwa wa kijijini Ibaba, na jiko lake la nje halikosi vitunguu vilivyofungwa mafungu kwa majani yake na kutundikwa kwenye kenchi, zile mbao za paa, tangu mavuno hadi mvua. Nilividharau. Maganda yalikuwa yamechakaa, na vyenyewe vimenywea. Lakini siku moja mvua ilinizuia kwenda sokoni, nikavishusha kwa shingo upande. Nikafanya kosa la mtu wa mjini: nikakata vingi vilevile kama vile vya sokoni, wala sikuvikamua kwa maji ya chumvi.

Sikumaliza cha pili, machozi yakanishuka. Mama akacheka sana.

"Mwanangu, kitunguu kikikaa kinatoa maji tu. Hasira kinabaki nazo."

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hakukosea. Kinavyokaa, kitunguu hupoteza maji, na ile salfa inayoleta ukali mara nyingi huzidi, mpaka kitakapokaribia kuchipua ndipo hulegea. Siku ile sikujua lolote, nilijua tu kwamba macho yananiwaka na chakula kimechelewa. Nikaandaa hivyohivyo.

Baba akachovya tonge, akazoa kachumbari, akatia mdomoni. Mara macho yakamtoka, akakohoa, akapiga meza kwa kiganja.

"Nani kakata hivi? Mnataka kuniua ndani ya nyumba yangu?"

Mimi na Mama tukatazamana. Moyo ulinidunda kwa furaha, lakini nani angethubutu kucheka? Huenda ni macho tu yaliyowashwa, ulimi bado umelala. Baba akajifuta machozi, akazoa tena. Akatafuna polepole, uso umekunjamana kama zamani, nasi tumesimama tukingoja hukumu.

"Na chumvi," akasema, "umemwachia nani?"

Nikaonja. Kweli, sikuwa nimetia hata chembe.