Mama Amelala, Barazhi Inawashwa

Kila ninapokwenda kusini mwa ziwa, hata kwa shughuli ya nusu siku, lazima nipite kwenye barazhi, lile bwawa la kuzalisha umeme. Wenzangu wa Goma hunicheka. Wanasema mtu mzima, mwenye mvi ndevuni, anasafiri kwenda kutazama ukuta. Lakini nilizaliwa pale, katika kambi ya wafanyakazi, mahali mto unapotoka ziwani na kuanza kuteremka, na baba yangu alifanya kazi pale mpaka siku alipougua. Tangu nimalize sekondari nimelala katika miji mingi: Kisangani, Butembo, Kampala, Lubumbashi. Hakuna hata mmoja ulionikalisha. Nikifika mahali, mwezi wa pili tayari ninauliza bei ya lori la kuondoka.

Si ukuta mzuri. Ni zege la zamani, la wakati wa Wabelgiji, limeshikwa na kuvu mpaka limekuwa jeusi. Hakuna nguzo wala tao la kuusaidia. Unasimama kwa uzito wake tu, mnene chini na mwembamba juu, umeyaegemea maji kama mtu anayezuia mlango kwa mgongo. Utotoni nilikuwa nalala nikiogopa kwamba siku moja utachoka na kuketi. Mpaka leo, nikisikia mvua kubwa usiku kule Goma, mbali kabisa, kwanza ninaufikiria ule ukuta, ndipo ninafikiria paa langu.

Safari ninayotaka kuieleza ni ya msimu wa mvua uliopita. Goma ilikuwa haina umeme kwa siku tatu. Mvua ilikuwa imesukuma takataka zote za milimani hadi ziwani, chupa za plastiki, mifuko, vigogo vya migomba, na ziwa likazileta zote barazhini. Mbele ya mlango wa maji kuna chujio kubwa la vyuma. Likiziba, mashine zinakosa maji, inabidi zizimwe, Goma inabaki gizani, na watu washuke na reki ndefu kuzoa kwa mikono. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya baba.

Mlinzi wa getini, mzee aliyemfahamu baba, aliniona nikiwa bado mbali.

"Eh, mutoto wa kambi! Umerudi tena? Uliacha nini hapa?"

"Niliacha utoto wangu, muzee."

"Ule tulishauzoa na chupa, tukautupa. Pita."

Nilisimama juu ya ukuta, nikiwatazama wazoaji chini. Walikuwa wamelowa mpaka kifuani na bado wanataniana. "Watu ya Goma banakunywa, siye tunazoa!" mmoja alipaza sauti akiinua rundo la chupa. Mwenzake akamjibu, "Soma vizuri, hizo ni za shemeji zako wa Bukavu!" Walikuwa karibu kumaliza. Vyuma vya chujio vilianza kuonekana, na maji yalikuwa yanapita kati yake kwa sauti ninayoijua.

Hapo simu ikaita. Alikuwa mama.

Mama anaishi Ndosho, mtaa wa Goma, na dada yangu, katika nyumba ya mbao, jirani na nyumba nyingine za mbao. Simu ni moja kwa wote wawili. Siku hiyo dada alikuwa ameenda sokoni kuuza viazi, akamwachia simu mama, aliyekuwa anaumwa malaria.

"Uko wapi?"

"Kwenye barazhi, mama."

"Barazhi tena! Papa yako haiko tena kule, uache kumutafuta."

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa, inanilewesha. Minaenda kulala kidogo. Huku mvua imeingia, chini yote ni maji. Nguo nimezikunja ndani ya kitunga, nimekiweka juu ya resho, hapo ndipo pakavu."

Nikasema vizuri, mama, lala. Simu yake ikalia mara moja na kuzimika. Ilikuwa imeisha chaji, maana umeme wa kuichaji haukuwepo.

Labda nieleze. Resho ni jiko dogo la umeme. Kwetu, umeme ukikatika siku nyingi, watu hurudi kwenye mkaa, ule tunaouita makala, na resho hugeuka kuwa kimeza. Utakuta juu yake sahani, Biblia, mtoto amekalia. Hakuna anayelichomoa, kwa sababu umeme, courant kama tunavyouita, unakuja wakati unaotaka wenyewe, na ukija lazima ukute resho liko tayari. Na la mama halikuwa hata na swichi. Swichi ilikufa zamani, fundi akaikata na kuunganisha waya moja kwa moja. Umeme ukifika tu, chuma kinakuwa chekundu.

Nilibaki na simu mkononi. Chini yangu wazoaji walikuwa wanapanda, reki mabegani. Kisha king'ora kikalia.

Nilikijua tangu utotoni. Kinawaambia wanawake wanaofua chini ya ukuta, na watoto wao, watoke mtoni, maji yanafunguliwa na mashine zinawashwa. Niliwaona wakikusanya mabeseni bila haraka. Nilimpigia mama. Haipatikani. Nikapiga tena, kama vile simu iliyokufa inaweza kuona huruma.

Nilimkimbilia mkuu wa zamu, mwanaume mpana mwenye buti za njano, aliyekuwa anaelekea kwenye nyumba ya mashine.

"Chef, naomba mungoje kidogo. Mama yangu amelala, ameweka nguo juu ya resho."

Alisimama akanitazama. "Wapi?"

"Goma. Ndosho."

Wazoaji wakacheka. "Goma yote inangoja courant, huyu anataka tungoje mama yake aamuke!" Lakini mkuu hakucheka.

"Mudogo wangu," alisema, "kule Goma kuna hospitali. Kuna watoto wamezaliwa bila kutimiza miezi, wanalala ndani ya mashine. Kuna watu juu ya meza ya operesheni. Mama yako ni mumoja. Niwaambie nini hao wengine?"

Aliingia ndani, akaufunga mlango.

Ndipo nikamkumbuka jirani yetu, kijana wa Butembo, motari wa kubeba abiria, aliyenipeleka bandarini kwa pikipiki yake nilipoondoka Goma. Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu. Alipokea katikati ya kelele za barabara.

"Jirani! Niko Katindo, niko na kiliya, nitakuita."

"Usikate! Umeme unarudi. Mama ameweka kitunga cha nguo juu ya resho, na amelala."

"Ile resho bila swichi?"

"Ile ile."

"Eh, Mungu wangu." Nikasikia pikipiki ikigeuka, na sauti ya huyo kiliya, mteja wake, nyuma yake: "Weye, unanipeleka wapi? Kwangu si huku!" na motari akimjibu, "Nishike nguvu, papa, utaelewa mbele."

Simu ikakatika. Na hapo hapo nikausikia ukuta. Mtetemo mdogo wa mashine ulipanda kutoka chini, ukapita kwenye soli za viatu, ukafika magotini. Utotoni tulikuwa tunavua viatu ili tuusikie vizuri, tunasema ukuta unakoroma. Wazoaji walipiga makofi. Mlinzi aliniinulia kidole gumba kutoka getini. Mimi nilitamani ukuta mzima unyamaze.

Nilihesabu kichwani barabara ya kutoka Katindo hadi Ndosho: kambi ya jeshi, njia panda, mteremko wa mawe meusi ambapo hata motari hodari hupunguza mwendo. Nilifikiria mbao zetu, kuukuu, zilizopakwa oili chafu ya magari ili zisiliwe na wadudu. Nyumba zimebanana hivi kwamba jirani akikaanga samaki, harufu inalala kwako. Moto ukianza hauulizi mwenye nyumba ni nani, unachukua barabara nzima. Na maji ya kuuzimia yako kwenye madumu, yale machache ya kupikia. Niliona pia mlango wa chumba cha mama, unaofungwa kwa ndani kwa kipande cha waya.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Simu ilipoita, niliogopa kuipokea.

"Jirani," motari alisema, anahema. "Mama iko. Iko nje. Anatukana watu."

Alinieleza haraka. Alipoingia Ndosho, umeme ulikuwa tayari umefika, na watoto wa barabara nzima walikuwa nje wanaruka na kupiga kelele "Courant! Courant!" kama timu yao imefunga bao. Kelele hizo ndizo zilimwamsha mama. Aliinuka ili aende kuwagombeza kwamba hawamwachi mgonjwa alale, akakuta kitunga kinatoa moshi. Alikibeba kwa mikono yake, akakirusha nje juu ya mawe. Nguo za juu zilikuwa salama. Za chini zilikuwa zimeungua, na kitenge chake cha kanisa kilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani.

"Na mikono?"

"Vidole viwili vimeungua kidogo. Anasema ni kitu bure. Kiliya wangu ndiye anamumwangia maji."

Kisha akampa mama simu.

"Weye," alisema, "unanitumia motari kama mimi ni mutoto?"

"Mama, chomoa resho. Chomoa sasa, nikiwa nasikia."

"Nichomoe? Nilishaweka maharage."

"Mama, tafadhali."

"Siku tatu nakula moshi ya makala. Leo courant imekuja, unataka niifukuze?"

"Basi usilale."

"Silali."

"Dawa itakulewesha tena. Kaa nje na jirani."

"Nimekuambia silali," alisema, na akapiga mwayo katikati ya neno, mrefu, nikausikia mpaka mwisho wake.

Nilimwambia aendelee kuzungumza. Nilimuuliza habari za viazi, za mvua, za watoto wa jirani, chochote, huku ninateremka kutoka kwenye ukuta na kumpita mlinzi bila kumuaga, nikitafuta pikipiki ya kunifikisha bandarini kabla boti ya mchana ya Goma haijaondoka.