Kisima cha Upande wa Pili

Pale Uthiru, pembezoni mwa jiji, barabara moja ya vumbi ndiyo mpaka wa kaunti mbili. Mimi nilipanga upande huu, na rafiki yangu, niliyekuja naye mjini kutoka magharibi, akapanga upande wa pili. Miaka yote hiyo shida zetu zilikuwa sawa. Kisha wao wakachimbiwa kisima.

Wakazi wakaunda kamati, na rafiki yangu akachaguliwa kutunza funguo. Jioni, nikitoka Upper Hill ninakosafisha ofisi, nilikuwa nikimkuta amesimama kando ya tangi, watu wazima wakimwita "mama wa maji." Bomba letu lilikuwa likikohoa hewa tu. Kisima kilikuwa cha watu wa huko pekee, lakini alinijazia mitungi miwili kila siku.

"Usimwambie mtu, dada," alininong'oneza.

Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilikuwa naungua. Tulishuka basi moja, kila mmoja na begi lake moja. Mbona yeye ndiye wa kugawa, na mimi wa kupokea?

Jumamosi moja chifu wao aliitisha baraza kuuliza kama watu wanaridhika na huduma. Nikavuka barabara, nikaketi nyuma. Mama mmoja alisifu kisima, mwingine akamsifu mtunza funguo, watu wakapiga makofi. Nikajikuta nimesimama.

"Maji ni mazuri," nikasema, "lakini mwenye funguo anawapa hata wasio wa huku."

Chifu akamgeukia mtunza funguo. "Ni kweli, mama?"

Rafiki yangu alinitazama kidogo tu. "Ni kweli. Nilimpa mtu mmoja. Kwao hakuna maji."

Hakunitaja. Walimnyang'anya funguo palepale, na mimi nikarudi nyumbani nimefurahi, sitaficha. Furaha iliisha nilipoona mitungi yangu mitupu. Tangu siku hiyo nikawa nanunua maji ya mkokoteni.

Ilinichukua majuma matatu kwenda kumwomba msamaha. Alinifungulia mlango, akanipa kiti.

"Ungeniambia tu kwamba inakuuma," alisema. "Ningejua."

Akanimiminia chai, akaanza kunisimulia habari za mtoto wake aliyepita mtihani vizuri kuliko wangu, na nikahisi moyo ukianza kuungua tena.