Paa la Mama na Sheria za Mwendo

Kitabu changu cha fizikia nilikinunua Tunduma kwa mzee mmoja wa Tabora aliyekuwa anauza karanga. Hakuwa anakiuza kitabu. Alikuwa anakichana kurasa na kufungia karanga. Nilifika akiwa ameshamaliza mwanzo na sehemu za katikati. Nikamwomba aniachie kilichobaki, akanitazama kama anayetazama mgonjwa, akaniuzia. Ndiyo maana elimu yangu ina mashimo. Msuguano naujua vizuri. Nishati naijua kupita kiasi. Lakini mambo ya mtikisiko na mizani ya vitu vikubwa yaliliwa na madereva wa malori, pamoja na chumvi yake.

Darasa la saba nilimaliza, sekondari sikuchaguliwa. Basi nikajifundisha mwenyewe, kwa kamusi na kwa hofu. Nakiri kwamba hofu ilikuwa mwalimu mkali kuliko kamusi. Nilikuwa kijana wa kufuta sentensi nzima kwa sababu nukta imekaa vibaya. Hadi leo niko hivyo, ila sasa naficha.

Ilipokuja amri kwamba wote tuhamie kijiji kipya, kwenye nyumba zilizopangwa mistari iliyonyooka kama matuta ya mahindi, mimi peke yangu kwetu Isansa nilifurahia ile mistari. Mama hakufurahia. Alikuwa mjane, na alichokuwa nacho cha maana ni mibuni michache, kuku, na nyumba yake ya msonge yenye paa la nyasi jipya. Mvua zilikuwa karibu. Nyasi za kuezekea zilikuwa zimeshaungua porini. Kama paa lile lisingefika salama, mama angekaa masika yote nyumbani kwa wifi yake, mwanamke ambaye walikuwa hawasalimiani naye tangu sijazaliwa.

"Mwanangu," aliniambia, "nilaze popote, lakini si kwa yule."

Nikamwahidi kwamba paa litafika bila kupungua hata unyasi mmoja. Hakuna aliyeniomba ahadi ya namna hiyo. Niliitoa tu.

Kwetu paa huhamishwa zima. Watu hupitisha miti mirefu chini ya fito, wanaingia chini yake, wanalibeba begani, na baba mdogo wangu anaimba. Alikuwa na sauti ya kuamsha ng'ombe wa kijiji cha jirani. Anaimba, wabebaji wanaitikia, paa linakwenda. Hivyo ndivyo walivyofanya miaka yote, bila kitabu, maskini.

Asubuhi ile niliwapanga upya. Kwa majivu nilichora alama kuzunguka paa, kila mtu na mahali pake, mrefu kisha mfupi, mrefu kisha mfupi, ili uzito ugawanywe sawa kwa wote. Niliona ndio ujamaa wenyewe. Walipoinua, warefu walibeba paa, na wafupi wakalishika kwa mikono iliyonyooshwa juu, kama watu wanaoomba dua. Nikaagiza wafupi waongezewe ngata mabegani. Ngata zikawa zinadondoka.

Halafu nikapiga marufuku wimbo.

"Kuimba kunatumia nishati," nikasema. "Nishati hiyo tunaihitaji mlimani."

Sauti moja ikatoka gizani chini ya paa: "Ndugu mwalimu, kukohoa kunaruhusiwa?"

"Na kujikuna je?" akauliza mwingine. "Mimi nina siafu mguuni, nimwache amalize?"

Baba mdogo hakutania. Alinitazama tu na kusema, "Sawa, msomi. Nimefunga mdomo." Watu waliomjua wangeogopa wakati huo. Mimi nilikuwa naangalia alama zangu za majivu.

Penye tambarare, kati ya mibuni, tulikwenda. Siwezi kusema tulikwenda vizuri. Materemko ya kuelekea mtoni yalipoanza, huyu alitanguliza kulia na yule kushoto, na paa likaanza kucheza kama kifuniko cha chungu kinachochemka. Nyasi zikawa zinapukutika vichakani. Mama alikuwa nyuma na kuku wake kikapuni, na nilimsikia akianza kunisema kwa Kinyiha, jambo alilolifanya pale tu Kiswahili kilipokuwa hakimtoshi.

Nikaamua kuwahesabia hatua. "Moja! Mbili! Moja! Mbili!" Ingesaidia, nadhani, kama ningekuwa mtu mwingine. Lakini niliona mapigo yangu hayalingani, moja ndefu na mbili fupi, na jambo hilo likaniuma. Nikasema, "Samahani, tuanze upya."

"Tuanze upya wapi?" mjomba wangu, mmoja wa wabebaji, akapiga kelele kutoka mbele. "Mlima unanisukuma!"

"Baba mdogo, anzisha wimbo!" nikalia.

"Mimi?" akajibu, akihema. "Nimalize nishati ya watu? Hapana, mwanangu."

Wakalitua paa kabla halijajitua lenyewe. Walilitua mahali pa kwanza palipokuwa sawa, juu kidogo ya mto, pembeni kabisa ya kijiji kipya. Ufito mmoja ulikuwa umevunjika. Wakati tunaukagua, mvua ya kwanza ya mwaka ikaona huo ndio wakati wake.

Tukaingia wote chini ya paa lililokaa ardhini kama kofia: wabebaji, mama, kuku, na mimi na kitabu changu kifuani. Halikuvuja hata tone. Humo ndani, tukiwa tumebanana na hakuna tena cha kubeba, baba mdogo akaanza kuimba. Aliimba nyimbo zote alizokuwa amezuiwa. Wote wakaitikia, mama akiwamo. Mimi niliitikia kwa sauti ya chini.

Mvua ilipokatika walijaribu kuinua tena, safari hii kwa wimbo. Paa halikutikisika. Nyasi zilikuwa zimekunywa maji. Nikaeleza kwamba uzito umeongezeka, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyebisha.

"Basi chimbieni nguzo hapahapa," mama akasema. "Maji karibu, wifi mbali. Mnatafuta nini tena?"

Wakazichimbia, wakaliinua paa upande mmoja mmoja hadi likakaa juu yake. Kesho yake katibu kata alikuja na baiskeli, akasimama, akafumba jicho moja.

"Mama, nyumba hii haiko kwenye mstari."

"Isogeze, baba," mama akamwambia kwa adabu zote. "Mimi sina nguvu."

Kitabu kinasema kitu kilichotulia kitaendelea kutulia mpaka kisukumwe na nguvu kutoka nje. Nguvu kutoka nje ililitazama paa, ikatazama tope kwenye viatu vyake, ikapanda baiskeli ikaondoka.

Kwa hiyo mama hakulala kwa wifi yake hata siku moja. Mistari ya kijiji imenyooka yote, isipokuwa mwisho, ambapo nyumba moja imejitenga kama jino lililoota vibaya. Kila ninapopita naipima kwa jicho.

Ilibaki ahadi yangu. Nilirudi njia ile yote, kutoka mtoni hadi kwenye mibuni, nikiokota nyasi zilizonaswa vichakani. Wabebaji waliokuwa wanakwenda shambani walinipita na kunipa pole ya msiba. Nilizianika siku kadhaa, nikazifunga vizuri, ncha zote upande mmoja, nikampelekea mama aziezeke mahali pake.

Mama aliupokea mzigo kwa mikono miwili. Akaugeuza, akausifu jinsi ulivyokauka. Kisha akausukumiza kati ya mafiga na kuuwashia moto wa ugali.

Nishati haipotei, hubadilika tu. Nilikaa nikala, na nikaongezwa.