Bastola ya Mkono wa Vesta

Asubuhi ya mwisho ambayo mambo yalikuwa sawa, Vesta alilalamikia kahawa. Nilikuwa nimeipika mimi, kwa hiyo alikuwa na haki. Aliinywa yote. Kisha akaipangusa bastola yake kwa kitambaa cha vyombo, akaiweka mezani kati ya jamu na siagi, mahali pake pa kila siku, akaanza kuvaa buti.

"Elroy, ukimaliza kuangalia ukuta, kaangalie lile lango la kusini," alisema. "Mbuzi wanajua kulifungua kuliko wewe."

"Nitaliangalia."

"Kalitengeneze, nimesema. Kuliangalia unaliangalia tangu Krismasi."

Akaichukua bastola, akaitia kwenye ala yake kiunoni, akatoka. Mchana alikaa kivulini penye ghala ili avue buti, na moyo wake ukasimama hapo hapo. Buti moja lilikuwa limeshavuliwa. Lango nimelitengeneza.

Mke wangu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo. Glavu zake tulinunua upande wa watoto. Huku kwetu magharibi mwa Texas, ambako kila mtu ana mbuzi na mbuzi wanazaa wote kwa pamoja, mkono kama ule ni mali. Mtoto wa mbuzi akikwama tumboni mwa mama yake, majirani walimpigia simu Vesta kabla ya kumpigia daktari wa mifugo. Alikuja, akajipaka mafuta ya kupikia hadi kiwikoni, akaingiza mkono, akamgeuza mtoto, akamtoa. Kisha alitaka kahawa. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mkono wake ni mdogo mno, ila wauza bastola.

Huku mwanamume humpa mkewe bastola, kama kwingine anavyompa hereni. Tena huichagua kwa kuipima kwenye mkono wake mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyesimama dukani. Baba yangu alimpa Vesta ya kwanza siku ya harusi yetu, ya jeshi, nzito kama pasi. Kidole chake hakikufika kwenye kifyatulio mpaka apindue kiganja chote upande, na akiipiga hivyo, teke lake lote la kurudi nyuma lilikwenda kwenye kifundo cha dole gumba. Ndugu yangu Hollis akamletea nyingine, ndogo, nyepesi, ina mpini wa rangi ya waridi. Hollis alijua ni ya kike kwa sababu ya ile rangi.

"Shemeji, hii sasa ni saizi yako," alisema.

Vesta aliipiga mara moja. Kitu kidogo na chepesi hakina cha kulizuia teke, linakuja lote mkononi. Alimrudishia.

"Asante, shemeji," alisema. "Mpe mtu unayemchukia."

Mimi nilimpa ya tatu, tulipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Ilikuwa sawasawa na yangu. Ili kuingiza risasi unavuta chuma cha juu nyuma kwa nguvu, na yeye alihitaji kuibana katikati ya magoti ndipo aweze. Aliipenda sana. Aliitoa risasi, akaitumia kuzuia mlango wa banda la kuku usifungwe na upepo.

Kwa hiyo nyoka aliwaua kwa jembe. Hapa nyoka ni wale wenye njuga mkiani, na hutoka mawe yakianza kupata joto, wakati ule ule mbuzi wanapozaa. Kwa miaka mingi kazi hiyo niliifanya mimi, mpaka macho yangu yakawa hayatofautishi nyoka na kamba. Kamba kadhaa nilizipiga risasi. Tukakubaliana niache.

Binti yetu Twila anakaa mjini Abilene. Ana nyumba ya matofali, na ana mikono mikubwa kama yangu. Alikuja kututembelea mwisho wa majira ya baridi, akaliona buti la mama yake barazani, na kwenye ngozi yake, juu ya kisigino, akaona vitundu viwili.

"Mama, hii nini?"

"Msumari."

"Misumari miwili? Imelingana hivi?"

"Basi nyoka alikuwa karibu kidogo. Jembe ni fupi."

Twila alikaa chini. Ni mtu wa kupanga mambo, hapigi kelele. Alisema chumba cha nyuma kwake kiko tayari tangu mwaka jana, na mapazia ameshatia.

"Baba haoni, na wewe unapigana na nyoka kwa jembe," alisema. "Mtauza mbuzi, mtakuja kwangu."

"Na nikiwa na bastola ninayoiweza?" Vesta aliuliza.

"Mama, una kabati zima la bastola."

"Nimesema ninayoiweza."

"Nakuja Pasaka," Twila alisema. "Ukipiga mkebe mbele yangu, mbali na pale ambapo nyoka anaweza kukufikia, sitasema tena habari za mapazia. Ukikosa, unafunga mizigo."

"Sawa," Vesta alisema, akaenda kukanda mkate.

Sasa Pasaka ilikuja katikati ya msimu wa kuzaa. Vesta hakuweza kuwaacha mbuzi hata nusu siku, na duka la bunduki la Durwood liko mjini. Mimi nilikuwa nakwenda kuleta chakula cha mifugo. Barabara ile imenyooka, mchana naiweza.

"Nitakuchagulia nzuri," nilimwambia.

Vesta alikata donge la unga wa mkate, akalishika kama mtu anavyoshika bastola, akalibana mpaka likajaa kiganja chake vizuri. Akanyoosha kidole cha kwanza mbele, akatazama ncha yake inaishia wapi, na hapo akabandika punje ya haragwe kwenye unga. Akaliachia taratibu, akaliweka kwenye oveni, akaliacha mpaka likawa gumu kama mfupa. Akalifunga kwenye kitambaa.

"Mpe Durwood," alisema. "Mwambie pale penye haragwe ndipo pawe na kifyatulio. Wewe usichague kitu. Wewe ni dereva."

Durwood ni mtu mkubwa, anapumua kwa mdomo, na ni fundi mzuri. Nilipofungua kitambaa juu ya kaunta, mbwa wake aliinuka.

"Elroy, ndugu yangu," Durwood alisema. "Umeniletea mkate mbaya."

"Ni mkono wa Vesta."

Alilichukua lile donge, akaligeuza. Alama za vidole zote zilikuwepo, hadi pete. Nikamweleza habari ya haragwe. Aliacha kutabasamu, akachukua kipimo chake, akapima kutoka nyuma ya donge, pale pa kuingia kati ya dole gumba na kidole cha kwanza, mpaka penye haragwe. Akapima tena.

"Mmekuwa mkimpa nini huyu mama miaka yote?"

Nikamtajia zote tatu.

"Hata moja haimfai," alisema. "Ni kama kumpa mtu buti za mumewe halafu unamcheka akianguka."

"Hakuna aliyemcheka."

"Hollis?"

Nikainama kumpapasa mbwa.

Alikwenda nyuma, akarudi na bastola ya zamani ya silinda inayozunguka, fupi, ya chuma kitupu. Nikaipima mkononi. Kwa umbo lake ilikuwa nzito, lakini matundu ya risasi yalikuwa madogo.

"Hii ya kuulia panya," nilisema.

"Uzito ndio unaokula lile teke. Na hii risasi ndogo, akilenga, atapiga anachokilenga. Pia ipo ya marisau, zile chembe ndogo, kwa ajili ya nyoka." Alinitazama. "Ile kubwa uliyompa wewe imeshaua nini?"

"Inazuia mlango."

"Basi."

Alifungua mpini wa mbao, akaubana kwenye jiliwa, akaanza kuupiga tupa. Anapiga kidogo, anaushika mpini, kisha analishika lile donge, macho amefumba. Anapiga tena. Mbwa alilala. Akaja mteja kutaka risasi, Durwood akamwambia asubiri, anatengeneza mkono. Mpini ulipolingana na donge, akafungua tumbo la bastola, akalegeza springi ili kifyatulio kisihitaji nguvu za mtu mzima wa saizi ya Durwood. Mwisho akaufunga mpini, akaweka donge ubavuni mwa bastola. Haragwe lilikaa mbele ya kifyatulio kabisa.

"Na donge?" nilimuuliza.

Tulitazama chini. Nilikuwa nimechelewa kuuliza kwa sekunde chache. Mbwa alikuwa nalo chini ya kaunta, na alikuwa ameanzia dole gumba.

Nyumbani Vesta aliipokea bastola barazani. Alihakikisha haina risasi, akaishika, akafumba macho, akalenga upande wa bwawa, akafumbua. Mtutu ulikuwa unatazama bwawa.

"Donge langu liko wapi?"

"Mbwa wa Durwood amelila."

"Angalau kuna mtu kwenye duka hilo amekula mkate wangu bila kuongezea chumvi," alisema, na kwa kuwa ni mimi ninayeongeza chumvi, nikaingia ndani.

Alifanya mazoezi kila jioni baada ya kuwanywesha mbuzi. Mimi nilipanga mikebe mbele ya tuta la udongo na kumwambia kama imeanguka, ingawa yeye ndiye aliyeona. Mwanzoni alikosa sana. Sikumfundisha. Niliwahi kuanza, akanigeukia na bastola ikiwa mkononi, imeelekea chini, akaningoja nimalize. Sikumaliza.

Twila alikuja Pasaka baada ya kanisa, na gari lake lilikuwa na maboksi matupu nyuma. Mama yake aliyaona. Tulikula paja la nguruwe na viazi, hakuna aliyezungumza sana. Baadaye Twila mwenyewe akaenda kupanga mikebe minne ya pichi kwenye tuta, akarudi nyuma, akarudi zaidi, akachora mstari kwa kiatu.

"Hapa, Mama."

Vesta alikuwa bado amevaa gauni la kanisani. Alisimama penye mstari. Aliinua mkono, akaushusha. Akaufuta kwenye gauni. Akauinua tena, akavuta nyundo ya bastola nyuma kwa dole gumba, taratibu, na dole lilifika bila kupindua kiganja. Akapiga. Mkebe wa kwanza ukaruka.

"Bahati," Twila alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Mkebe wa pili ukaruka. Wa tatu ulibaki, na risasi ilitimua vumbi pembeni yake. Vesta akaupiga tena, nao ukaenda.

"Nipe niione hiyo," Twila alisema. "Lazima ina ujanja."

Alipoishika, ilipotelea mkononi mwake. Vidole vya chini havikuwa na pa kushika, na cha kwanza kilijaa kwenye kile kikingio cha kifyatulio mpaka hakikuwa na nafasi ya kusogea. Alilenga mkebe uliobaki, akakaza, na mkono wote ukavutika upande. Risasi iliingia kwenye tangi la maji.

Tulisikiliza maji yakitoka.

"Elroy, kigingi," Vesta alisema. Nikaleta kigingi, akakigongomea kwenye tundu kwa jiwe, maji yakamlowesha gauni lote la kanisani. Akamgeukia Twila.

"Mwanangu, wewe rudi mjini. Huku ni hatari."

Twila alicheka mpaka akakaa kwenye udongo. Halafu akalia kidogo, kisha akayatoa maboksi garini, akayaweka barazani, kuku wakatagia humo. Hakusema tena habari za mapazia. Vesta alibaki hapa miaka yote iliyofuata, na nyoka aliowaua kwa ile bastola sikuwahesabu. Jembe lilirudi kulima.

Kwenye mazishi ya Vesta wanaume waliipitisha ile bastola mkono kwa mkono. Hollis alijaribu, kidole kikakwama, akahitaji siagi. Haikumfaa yeyote. Sasa iko mezani, kati ya jamu na siagi. Mimi ndiyo hivyo tena, kamba na nyoka kwangu ni kitu kimoja.

Jana Twila alikuja bila kupiga simu. Alinikuta jikoni, nimesimama penye jiko, kijiko mkononi. Alitazama kiti changu, akatazama kile kingine, akauliza kama nimefikiria habari ya chumba cha nyuma. Nikamwambia mimi siendi popote. Hakubishana. Aliniambia jambo ambalo sikulijua: kwamba Pasaka ile, wakati mimi nimekwenda kutafuta kigingi, alimuuliza mama yake itakuwaje yeye mama akitangulia kufa, naye alimjibu huku amezuia tundu la tangi kwa kidole.

Jumamosi Hollis anakuja kuwachukua mbuzi. Bastola nitaibeba mwenyewe hadi Abilene. Twila aliyarudia maneno ya mama yake kama yalivyosemwa, nami nayaweka hivyo hivyo:

"Mimi nikifa mchukue siku hiyo hiyo, usimsikilize. Ukimwacha huku peke yake atakula maharagwe ya mkebe akiwa amesimama."