Klachi mpya, mama mkwe kwenye usukani

Naandika haya nikiwa kiti cha nyuma cha gari langu mwenyewe. Anayeendesha ni mama mkwe.

Ngojeni niwaeleze.

Leo asubuhi nimetoka gereji, Kanyenye. Fundi amekereza flaiwili, lile duara zito la chuma nyuma ya injini, likawa jepesi. Akafunga na klachi mpya, ngumu kweli. Ukigusa mafuta tu, injini inaitika. Nikajiona mfalme wa Tabora nzima.

Nikapita Cheyo kumchukua mama mkwe, nimpeleke kanisani. Shikamoo, marahaba. Akapanda nyuma, maana kwetu mtu hakai bega kwa bega na mkwewe.

Nikaachia klachi. Gari likaruka kama chura, likazima.

Nikawasha tena. Likazima.

Mara ya tatu majirani walishatoka nje.

Mama akasema kwa upole, "Baba, hii injini imekuwa nyepesi. Ipe mafuta kwanza, halafu uachie mguu polepole."

Nikageuka kumtazama. Kumbe ujanani aliendesha trekta la tumbaku kule Ulyankulu, na miaka yote hii sijawahi kuuliza.

"Shuka nikuonyeshe."

Nikashuka. Akahamia mbele, na desturi ni desturi, mimi nikaenda nyuma. Gari likaondoka laini kama limepakwa samli.

Wenye wakwe, nisaidieni. Unamwombaje mkweo usukani?

Maana kanisa tumeshalipita mara mbili. Anasema kengele bado.