Swali la Kiti Kimoja

Kazini walimwita Bi Nukta, kwa sababu nukta moja ikikosekana kwenye programu ya mwenzake, haipitishi hata umlilie. Alikuwa mhandisi wa programu katika kampuni kubwa, ya zile zenye maghorofa ya kukuumiza shingo, na kila Jumanne aliwasaili waombaji kazi. Alikuwa na swali lake moja tu, wala hakutaka kulibadilisha: watu wawili wanataka kiti kimoja cha basi kwa wakati mmoja, utaandikaje programu isiyouza kiti hicho mara mbili?

Jibu lake lilikuwa hili: anayetangulia afungiwe kiti kwa sekunde thelathini, asipolipa, kifunguliwe.

Jumanne moja aliingia mwanamume mpole mwenye mvi. Alisikiliza, akachora ubaoni, akafuta.

"Hapa pana tundu, dada," alisema. "Tuseme kompyuta inayomhudumia mteja wa kwanza imeganda sekunde arobaini. Kufuli limeshafunguka, kiti kapewa mwingine. Ile ikizinduka haijui kama muda umepita. Inaandika jina la mtu wake juu ya jina la mwenziwe."

Bi Nukta alifungua kinywa amkatishe, akakifunga. Yule bwana alikuwa anasema kweli.

Alimpitisha, lakini maneno hayo hakuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Alirudi mezani kwake, akafungua maelezo ya usaili wa miaka sita. Watu wanne walikuwa wamemwambia vilevile, na wote wanne aliwaandikia: "Anazungusha maneno. Asichukuliwe." Wa tatu alikuwa rafiki yake wa chuo, ambaye walikula naye sahani moja miaka mitatu. Siku ile hakumwambia mtu yeyote kwamba wanajuana. Kwa kuogopa asije akambeba, alimkazia kuliko wote.

Alimwandikia mkuu wa kitengo kila kitu bila kumung'unya maneno. Mkuu alimwita, akafunga mlango.

"Nikiipeleka hii juu, utaondolewa kwenye usaili, na cheo mwaka huu usahau. Miaka imepita, mama. Yaache."

"Ipeleke tu, bosi."

Alitoka mle. Cheo kile alikuwa amekisubiri muda mrefu, na uchungu wake aliusikia hasa. Hata hivyo, simu aliyobakiza kupiga ndiyo iliyomtisha zaidi. Alikaa kwenye ngazi, akampigia rafiki yake, ambaye siku hizi alifundisha hesabu sekondari wala hakuwa akiandika programu tena.

"Shoga, lile jibu lako la siku ile lilikuwa sahihi," alimwambia. "Asiyejua nilikuwa mimi. Nisamehe."



"Nilijua ni sahihi," rafiki yake alisema taratibu, bila hasira. "Nilipotoka pale nilikuwa nalijua kabisa. Barua yenu ilipofika ndipo nikajiambia, huyu ananijua nje ndani, tumesoma wote. Angekuwa mtu mwingine ningembishia. Kama yeye kaona sifai, basi nilikuwa najidanganya tu." Alivuta pumzi. "Kulikuwa na kampuni nyingine mbili zimeniita wiki ileile. Sikwenda."