Tope Nililolikausha kwa Mkaa

Siku ile umeme ulipokatika maabara naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kwa kuwa Jumatatu unaanza kazi ya kupima, acha nikusimulie kabla hujavaa hilo koti jeupe.

Nilikuwa kijana, fundi msaidizi wa Mama Mwanaidi, mtaalamu wa mambo ya bahari. Mama yule alikuwa na swali moja lililomnyima raha: tope linalofunika majani ya baharini, ambako samaki wetu huzaliana, linatoka wapi? Ni udongo mpya unaoshuka na mito kutoka vilima vya Pugu, au ni tope kongwe linalohamishwa na mikondo? Alitaka kulijibu kwa kaboni. Mmea ukiwa hai huvuta kaboni ya hewani, na ukishafa, aina moja ya kaboni hiyo hupungua taratibu. Ukipima iliyobaki ndani ya tope, unajua mabaki yale yana umri gani, na umri ndio unaokuonyesha tope lilikotoka. Kazi tamu, ila haitaki uchafu hata chembe.

Tulichota tope kwa boti siku tatu, la juu ya sakafu ya bahari na la chini zaidi, lililotangulia kutua, nami nikitapika muda wote, tusiyaseme hayo. Nikaachiwa kulikausha kwenye oveni. La juu likakauka vizuri. Zamu ya lile la chini, umeme ukakatika, haukurudi. Mimi na kiherehere changu nikalibeba hadi nyumbani Chamazi, nikalitandaza kwenye sinia kando ya jiko la mkaa, mama yangu anachemsha maharage. Likakauka, nikajiona mjanja. Sikufikiria kwamba mkaa ni mti uliokatwa juzi tu, na vumbi lake lilikuwa linatua mle mle.

Majibu yaliporudi kutoka ng'ambo tulikolipeleka lipimwe, tope la chini kabisa, ambalo lingepaswa kuwa kongwe, lilionekana changa kuliko la juu. Mama Mwanaidi akaniita.

"Athumani, hivi hizi sampuli ulizikaushia wapi?"

"Maabara, mama."

"Zote? Una uhakika, baba?"

"Mie tena, mama! Oveni ileile."

Akaniamini. Hapo ndipo panaponiuma. Wenzake walimcheka mkutanoni, wakasema hajui hata kuchota tope. Alibeba lawama zote, jina langu hakulitaja. Boti hakupewa tena, na swali lake likabaki palepale.

Mwaka jana nilijikaza nikaenda kwake Ubungo. Binti yake aliniambia mlangoni kwamba kumbukumbu zimemtoka mama. Nikaingia hivyo hivyo.

"Shikamoo, mama. Ni Athumani. Lile tope la chini nililikausha kwa mkaa, nikakudanganya."

Akatabasamu. "Marahaba. Tope gani, baba? Umekula lakini?"

Nikala wali wake huku machozi yananitoka. Nimeomba radhi kwa mtu asiyekumbuka kosa, na mwingine wa kunisamehe sina.

Utaharibu, mwanangu, usijidanganye. Siku utakapoharibu, sema siku hiyohiyo, uandike kwenye daftari la kazi kwa mkono wako, hata kama mkuu wako atafoka. Mimi niliogopa kufokewa dakika tano, nikamharibia mtu kazi ya maisha yake.

Mungu akupe mikono makini, na siku mikono itakapokosea, akupe ujasiri wa kukiri wakati anayepaswa kusikia bado anakufahamu jina. Amina.